Betri haihifadhi umeme: Kwa nini hufa, na kwa nini jua huifufua kwa muda tu

Na Mwandishi Wetu

ALIYEKULIA katika nyumba yenye redio ya betri hana haja ya kuelezwa. Jioni taarifa ya habari inapoanza kukatikakatika, mzee wa nyumba huzitoa betri moja baada ya nyingine na kuagiza ziwekwe kando. Kesho yake asubuhi huonekana zimepangwa juu ya bati au ukutani barazani, zikiota jua. Jioni zinarudishwa mahali pake na redio inasema. Si kwa sauti ya siku zote, lakini inasema, na mpira unasikilizwa hadi filimbi ya mwisho.

Wapo waliofanya zaidi ya hapo. Wengine waliziuma kwa meno, wengine wakazitoboa kwa msumari na kutia maji ya chumvi. Mtoto aliyeuliza jua linarudishaje umeme alijibiwa kwamba jua nalo ni moto, na moto na umeme ni ndugu.

Jibu hilo si sahihi, ingawa kitendo chenyewe kina msingi wake. Jua haliongezi umeme wowote ndani ya betri, kwa sababu ndani ya betri hakuna umeme uliohifadhiwa. Haukuwamo siku iliponunuliwa, na sio uliokwisha siku ilipokufa.

Mwandishi wa makala haya alilazimika kulijua jambo hilo kwa gharama. Asubuhi moja betri ya gari lake iligoma, akaitwa fundi wa jirani, kijana mchangamfu. Alifungua vifuniko sita, akachungulia, akatikisa kichwa. “Bosi, asidi imeisha nguvu,” alisema, kisha akamimina tindikali mpya kutoka katika kidumu. Gari liliwaka, fundi akalipwa, na ikawa furaha. Wiki chache baadaye betri ilikufa moja kwa moja, na dukani ilikonunuliwa dhamana ikakataliwa.

Ndipo ilipopelekwa Gerezani, jijini Dar es Salaam, kwa mzee mmoja aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake akitengeneza umeme wa magari. Baada ya kuamkiwa na kusikiliza kisa chote, aliipima, akacheka kidogo. “Mwanangu,” alisema, “mgonjwa alikuwa na kiu, ninyi mkamnywesha siki.”

Ili kuielewa kauli ya mzee huyo, ni lazima kurudi nyuma zaidi ya miaka 200.

Chura alikuwa shahidi tu

Katika mji wa Bologna nchini Italia, mwishoni mwa karne ya 18, tabibu na mwalimu wa chuo kikuu aitwaye Luigi Galvani aliona mguu wa chura aliyekwisha kufa ukirusha teke ulipoguswa na metali mbili tofauti. Katika maandishi aliyoyatoa mwaka 1791 alidai kwamba umeme uliousukuma mguu huo ulitoka katika mwili wa mnyama mwenyewe.

Alessandro Volta, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Pavia, hakukubaliana naye. Kwa maoni yake chura alikuwa shahidi tu. Jambo lenyewe lilikuwa katika zile metali mbili. Ili kulithibitisha hilo alimwondoa chura. Alipanga visahani vya zinki na vya fedha kimoja juu ya kingine, na kati ya jozi moja na nyingine akaweka kipande cha karatasi ngumu kilicholoweshwa maji ya chumvi. Aliyegusa ncha mbili za safu hiyo kwa mikono yenye majimaji alipigwa shoti. Machi 20, 1800, Volta aliiandikia barua Royal Society ya London kuieleza safu hiyo, na tangu hapo dunia ikapata betri ya kwanza. Jina lake limebaki katika kipimo cha volti.

Hata hivyo, Volta naye aliteleza. Alidhani kwamba metali mbili zikigusana tu umeme huzaliwa, na kwamba unaweza kutoka bila kikomo. Kuliwa kwa zinki alikuona kuwa kasoro ndogo isiyohusika. Alikuwa Mwingereza Michael Faraday, katika miaka ya 1830, aliyeonyesha kwa vipimo kwamba kiasi cha umeme unaopita kinalingana na kiasi cha maada inayobadilika. Zinki ikiliwa kidogo, umeme ni mdogo. Ikiliwa sana, umeme ni mwingi. Hakuna cha bure. Faraday ndiye pia aliyeuachia ulimwengu, mwaka 1834, maneno ioni, elektrodi na elektroliti, ambayo mwanafunzi wa kidato cha tatu huyakariri usiku wa kuamkia mtihani bila kujua yanamhusu vipi.

Limau, msumari na waya

Maneno hayo yanaweza kueleweka kwa limau moja. Lichomwe msumari uliopakwa zinki upande mmoja, na kipande cha waya wa shaba uliomenywa upande wa pili, bila viwili hivyo kugusana. Kipima umeme kikiunganishwa hapo kitaonyesha karibu volti 1. Umeme huo hautoki katika limau. Unatokana na tofauti ya tabia kati ya zinki na shaba.

Kila atomu ina chembe ndogo zenye chaji hasi ziitwazo elektroni, na metali hazilingani katika kuzishikilia. Zinki ni mkarimu. Huziachia elektroni zake kwa wepesi. Shaba hushikilia zaidi. Dhahabu ni bahili kupita kiasi, na ndiyo maana pete ya bibi haioti kutu.

Zinki inapozama katika majimaji yenye uchachu au chumvi, atomu zake huacha elektroni 2 kila moja na kuingia katika majimaji hayo zikiwa ioni, yaani atomu zenye chaji. Elektroni zilizoachwa husongamana kwenye zinki, na huo ndio upande hasi wa betri. Upande wa pili, kwenye shaba, wapo wanaozihitaji. Kukiwa na waya kati ya pande mbili, elektroni hupita humo kwenda kwa wapokeaji, na mwendo wao ndio umeme unaowasha taa. Wanakemia huita tendo la kuachia elektroni oksidisheni, na la kuzipokea ridaksheni. Hayo mawili hayatokei moja bila jingine.

Ufundi wote wa betri umo katika kuwatenga mtoaji na mpokeaji. Mfano mzuri ni mrututu, ile chumvi ya shaba ya rangi ya buluu ambayo wakulima huitumia kutengenezea dawa ya mimea. Unga wa zinki ukitiwa katika maji ya mrututu, elektroni hukabidhiwa papo hapo, ana kwa ana. Maji hupata joto, shaba nyekundu hutuama chini, na umeme haupatikani hata chembe. Mwaka 1836 mwanakemia wa London, John Frederic Daniell, aliwatenga wawili hao kwa ukuta unaopitisha ioni huku ukizuia majimaji kuchanganyika ovyo. Elektroni zikakosa njia ya mkato, zikalazimika kuzunguka kwa waya, na hapo akapata volti 1.1 zilizotulia. Betri ya namna hiyo ilitumika sana katika simu za maandishi za karne ya 19.

Elektroliti ni hayo majimaji, au uji, ulio kati ya pande mbili. Kazi yake ni kupitisha ioni. Kila elektroni inayoondoka kwa waya huacha mizani ya chaji imeyumba, na ni ioni zinazotembea ndani zinazoisawazisha. Elektroliti ikikauka, elektroni husimama hata kama zinki bado ni nyingi. Waya ukikatwa vilevile kemia husimama, na ndiyo sababu betri inaweza kukaa dukani kwa muda mrefu ikingoja mnunuzi, ingawa huchoka polepole kwa sababu kinga zake za ndani si kamilifu.

Wakazi wa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Zanzibar wanaishi na elimu hii juu ya vichwa vyao. Chuma kinachoota kutu ni betri isiyo na waya: sehemu moja ya chuma huachia elektroni, sehemu nyingine oksijeni ya hewa huzipokea, na unyevu wenye chumvi ya bahari hufanya kazi ya elektroliti. Ndiyo maana bati la Dodoma hudumu kuliko la ufukweni. Mabati hupakwa zinki kwa sababu zinki, kwa ukarimu wake, hutoa elektroni kabla ya chuma na kukikinga hata mahali palipokwaruzwa. Mafundi huyaita ya galvanaizi, na neno hilo linatokana na jina la yuleyule bwana wa vyura.

Siri ya betri inayoanikwa

Betri ya kawaida ya redio na tochi, ambayo kwingine huitwa jiwe la tochi, ina umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mfaransa Georges Leclanché aliibuni mwaka 1866 ikiwa na majimaji, na Mjerumani Carl Gassner akaigeuza kuwa kavu katika miaka ya 1880 kwa kutumia uji mzito badala ya maji. Kopo lake la nje, chini ya karatasi au bati la nakshi, ni zinki. Huo ndio upande hasi. Katikati kuna kijiti cheusi cha kaboni ambacho watoto wengi walikitumia kuandikia ukutani. Unga mweusi unaokizunguka ni dioksidi ya manganizi iliyochanganywa na kaboni, na huyo ndiye mpokeaji wa elektroni.

Betri kubwa ya tochi na ile nyembamba ya rimoti zote ni za volti 1.5. Volti hutokana na aina ya vitu vilivyomo, si ukubwa wa kopo. Ukubwa huamua kazi itafanyika kwa muda gani, kwa kuwa kopo kubwa lina zinki na manganizi nyingi zaidi.

Sasa jua. Redio inapoimba, mabaki ya kemia hurundikana karibu na mahali kazi inapofanyika, yaani kwenye uso wa zinki na wa chembe za manganizi. Njia ya ioni huziba, volti hushuka, na sauti hufifia, hali ya kuwa ndani bado kuna zinki ambayo haijaguswa. Betri ikipumzishwa, mabaki hayo hutawanyika taratibu. Joto la jua huharakisha kutawanyika huko na kuchangamsha kemia iliyobaki. Mzee wa nyumba, kwa hiyo, alikuwa akiifungua njia iliyoziba. Zinki iliyokwisha kuliwa haikurudi, na ndiyo maana kila mara betri ilipoanikwa ilidumu muda mfupi kuliko mara iliyotangulia.

Walioziuma waliusogeza unga karibu na kijiti ili upitishe umeme vizuri. Waliotia maji ya chumvi waliurudishia uji uliokauka uwezo wa kupitisha ioni. Hawakuwa wajinga hata kidogo. Tatizo ni kwamba kopo lililotobolewa huvuja, na maji yake hula chemchemi za redio mpaka redio yenyewe ikafuata betri kaburini. Betri za alkali zilizoenea siku hizi hazifai kabisa kuchezewa namna hiyo, maana ndani yake kuna haidroksidi ya potasi inayounguza ngozi na macho. Aidha, zisizotengenezwa kwa kuchajiwa zisichajiwe, kwani gesi hujaa ndani na kuzipasua.

Kuna ndogo zaidi zenye hatari kubwa zaidi. Betri za mviringo kama kifungo, za saa na wanasesere wanaoimba, mtoto akiimeza na ikakwama kooni, mate hugeuka elektroliti. Mkondo wa umeme hupita katika nyama laini na kuzalisha alkali kali upande wa hasi, na kidonda kibaya kinaweza kutokea ndani ya saa 2. Anayeshuku jambo hilo asingoje dalili, ampeleke mtoto hospitali mara moja.

Maneno ya mzee wa Gerezani

Betri ya gari ni ya ukoo mwingine. Ilibuniwa mwaka 1859 na Mfaransa Gaston Planté, na tofauti yake kubwa ni kwamba kemia yake hurudi nyuma ikisukumwa. Ndani yake kuna vyumba 6. Kila kimoja kina pleti za risasi, madini yaleyale yaliyopewa jina moja na ile ya bunduki, na pleti za dioksidi ya risasi yenye rangi ya kahawia, zikiwa zimezama katika tindikali ya salfuriki iliyochanganywa na maji. Kila chumba hutoa zaidi kidogo ya volti 2. Sita kwa pamoja hutoa takriban volti 12.6 betri ikiwa imejaa na imetulia.

Betri inapotoa umeme, pleti za pande zote mbili hugeuka kuwa salfeti ya risasi. Salfeti hiyo hutoka katika tindikali. Kwa hiyo kadiri betri inavyotumika, tindikali huhama kutoka majini kwenda kwenye pleti, na majimaji yanayobaki hukaribia kuwa maji matupu. Fundi mwenye kipimo cha asidi huliona hilo kwa macho: uzito wa majimaji hayo ukilinganishwa na wa maji huwa kama 1.265 betri ikijaa, na hushuka hadi karibu 1.12 ikiisha.

Gari likiwaka, altaneta husukuma umeme wa karibu volti 14 kuingia katika betri, na safari yote hurudi nyuma. Salfeti huondoka kwenye pleti, risasi huwa risasi, na tindikali hurejea majini.

Kijana yule aliposema asidi imeisha nguvu, alisema kweli nusu. Nguvu ilipungua kwa sababu tindikali ilikuwa imejificha kwenye pleti. Kuchaji tu kungeirudisha. Alipoongeza nyingine, siku betri ilipochajiwa ile ya zamani ilirudi ikaikuta mpya, na majimaji yakawa makali kupita kiasi, yakaanza kuzila pleti zenyewe. Hata kipimo kikaanza kusema uongo, kikionyesha betri imejaa ilhali haijajaa.

Kinachopungua kwa kawaida ni maji. Betri inapochajiwa kupita kiasi, umeme huyavunja maji kuwa hidrojeni na oksijeni, gesi zinazotoka kwenye vitundu vya vifuniko. Tindikali haitoki kwa njia hiyo. Dawa yake ni maji ya betri, yaani yaliyochujwa kwa mvuke yasiwe na chumvi wala madini. Ya bomba na ya kisima hayafai, kwa kuwa chuma na kloridi zilizomo huharibu pleti. Tindikali huongezwa pale tu ilipomwagika, na anayeiongeza awe anajua anachokifanya. Huo ndio uliokuwa mfano wa kiu na siki.

Gesi ya hidrojeni ina jambo jingine. Ikifikia asilimia 4 tu ya hewa inaweza kulipuka kwa cheche moja, na betri ikilipuka hurusha tindikali usoni. Anayewasha kiberiti achungulie kiasi cha maji anacheza na macho yake. Ni kwa sababu hiyohiyo madereva hushauriwa, wanapoazima umeme wa gari jingine, waya wa mwisho waufunge kwenye chuma cha injini mbali na betri, ili cheche ikiruka isikutane na gesi.

Kuna namna nyingine ya kuiua betri, nayo ni kuiacha ikiwa tupu. Salfeti laini ikikaa wiki nyingi bila kuchajiwa hukomaa kuwa fuwele ngumu ambazo umeme hauwezi tena kuziyeyusha. Gari la marehemu linalosubiri mirathi, au la aliyesafiri kwa miezi, hukutwa na ugonjwa huo. Joto nalo huchangia: kanuni ya jumla inayotumiwa na wahandisi ni kwamba kila nyuzi 10 za Selsiasi juu ya 25 hupunguza umri wa betri ya namna hii kwa karibu nusu. Joto lililomfaa mzee wa redio kwa jioni moja humla mwenye gari kwa miaka.

Hesabu ya nyumba yenye sola

Mgawo wa umeme wa mwaka 2006, na mingine iliyofuata, uliwafundisha wakazi wa mijini neno inveta, na paneli za sola zimeenea hadi vijijini. Wengi bado hufunga betri ya gari katika mfumo wa nyumba kwa kuwa ni rahisi kuipata. Ni kosa la gharama. Betri ya gari ina pleti nyembamba zilizokusudiwa kutoa mamia ya ampea kwa sekunde chache, injini ikishikwa, kisha kujazwa papo hapo. Ikikamuliwa usiku kucha kila siku, pleti hizo humomonyoka mapema. Ya sola ina pleti nene, ingawa nayo haipendi kushushwa chini ya nusu kila mara.

Muuzaji akisema betri ni ya volti 12 na ampea 100 kwa saa, mnunuzi azidishe: ni wati 1,200 kwa saa moja. Akitumia nusu ili aitunze, anabaki na 600. Taa 4 za wati 5 na televisheni ndogo ya wati 40 ni wati 60, yaani saa 10, bila kuhesabu kinachopotea katika inveta. Akiwasha pasi ya wati 1,000 peke yake, hata hiyo nusu itakwisha katika dakika 36. Hesabu hii ingewaepusha wengi na ugomvi dukani.

Lithi na simu ya mkononi

Simu ya mkononi hutumia lithi, metali nyepesi kuliko zote na miongoni mwa zilizo karimu zaidi kwa elektroni. Ukarimu huo huipa seli moja takriban volti 3.7, ambazo betri ya redio ingehitaji zaidi ya mbili kuzifikia. Ioni za lithi huhama kutoka tabaka za grafiti kwenda tabaka za oksidi ya metali kama kobalti simu inapotumika, na hurudi inapochajiwa. Zilianza kuuzwa mwaka 1991 na kampuni ya Sony ya Japan, na mwaka 2019 John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino walitunukiwa Nobeli ya Kemia kwa kazi iliyoziwezesha.

Elektroliti yake si maji, kwani maji yasingestahimili volti hizo, bali ni kimiminika cha asili ya kaboni kinachowaka moto. Ndiyo sababu betri ya simu iliyovimba isibonyezwe, isitobolewe wala kuchajiwa tena. Kuvimba ni dalili kwamba gesi imezalishwa ndani. Kati ya pande mbili kuna utando mwembamba tu. Ukitoboka, mtoaji na mpokeaji hukutana ana kwa ana kama katika maji ya mrututu, ila hapa kinachofuata ni moto.

Kobalti nyingi ya dunia huchimbwa Kongo, katika ukanda wa Kolwezi na Likasi, na hiyo ni habari inayostahili makala yake. Betri mpya za pikipiki na za nyumba nyingi hutumia chuma na fosfeti badala ya kobalti.

Risasi inakokwenda

Pamoja na ujio wa lithi, gari la kawaida bado linawashwa kwa risasi. Shirika la Afya Duniani limekwisha kueleza kwamba zaidi ya robo tatu ya risasi inayotumika duniani huishia katika betri za magari. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya gari ni risasi, na kemia haiiondoi. Betri ikifa, risasi yote iliyowekwa kiwandani ingalimo, kwa hiyo ina soko. Kuiyeyusha si kazi ngumu; ugumu ni kuiyeyusha bila kuila.

Wakazi wa kitongoji cha Owino Uhuru, Mombasa, wanalijua hilo. Kuanzia mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilifanya kazi kikipakana na ukuta wa nyumba zao. Moshi ulitua juu ya mabati, maji machafu yakapita katika mitaro ambayo watoto waliichezea. Risasi iingiapo katika mwili wa mtoto huchukua nafasi ya kalsi katika mifupa na kuusumbua ubongo unaokua, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, aligundua kwamba mtoto wake mchanga alikuwa na risasi katika damu. Aliacha kazi na kuongoza kampeni, na mwaka 2015 alitunukiwa tuzo ya mazingira ya Goldman.

Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira na ardhi mjini Mombasa iliwapa wakazi fidia ya Sh bilioni 1.3 za Kenya. Mahakama ya Rufani ikaitengua mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Jijini Dakar, Senegal, mambo yalikuwa mabaya zaidi: katika eneo la Thiaroye-sur-Mer, ambako watu walipepeta mchanga wenye mabaki ya betri ili wapate risasi, watoto 18 walifariki dunia kati ya Novemba 2007 na Machi 2008.

Betri iliyonyweshwa siki haikupona. Mzee wa Gerezani alishauri iuzwe kama chakavu, na siku hiyohiyo akapita mnunuzi mwenye mkokoteni. Aliipima kwa mkono, wakapatana bei. Kabla ya kuipakia aliipindua juu ya mtaro na kuimwaga tindikali yote, maji ya kijivu yakatoka povu kwenye saruji. Alipoulizwa kwa nini, alisema huko anakoipeleka hawalipii maji.